Uke (mienendo ya kuzuia) za karate hazinisaidii kwenye sparingi, nakosea wapi?

KijanaWaTemeke

Habari za jioni wakuu, naomba msaada kwa wanaojua. Mimi nafanya karate, mtindo wa goju-ryu, mkanda wa kijani, na kwenye kihon (mazoezi ya msingi) na kata (mienendo iliyopangwa) niko vizuri tu, sensei huwa ananiweka mbele niwaonyeshe wengine. Sasa hapa karibuni tumeanza kufanya sparingi na jamaa wa kickboxing wanaotumia ukumbi huohuo, glovu za aunsi 16, kinga ya meno, spidi ya kati, si ya kuuana. Wakuu nakula ngumi za uso utadhani sijawahi kufundishwa kujikinga. Jamaa anarusha ngumi ya mbele, mimi naanza age-uke (kuzuia kwa kupandisha mkono), mkono haujafika hata kidevuni ngumi imeshatua puani, na nikibahatika kuzuia ya kwanza basi ya pili inaingia upande wa pili maana mkono mmoja uko juu hewani na mwingine uko kiunoni kwenye hikite. Gedan barai ndo usiseme, juzi nimeshusha mkono kuzuia teke la chini, teke likapanda juu likanipata shavuni. Na mara nyingine nazuia kweli ila mkono wenyewe unavimba.

Kingine, ngumi ikija nafumba macho. Sitaki ila yanajifumba.

Swali langu, hizi uke zinafanya kazi kweli au ni za kwenye gredi tu, mitihani ya mkanda? Naipenda karate na sitaki kuiacha, ila nataka nijue nifanye mazoezi gani. Nipeni vitu vya kufanya.

NgumiMkononi

Mkuu hamia ndondi tu. Uke ni za maonyesho, hakuna bondia anayezuia ngumi kwa kuzungusha mkono kutoka kiunoni. Utapoteza muda mwingi kutafuta kitu ambacho hakipo.

MzeeWaKata

Mdogo wangu pole na pua. Nimefundisha goju muda mrefu na hili swali ndilo ninalopenda kuulizwa kuliko yote, kwa hiyo vumilia maelezo marefu kidogo.

Tuanze na umbali kwanza, mkono tutaufikia. Kumbuka mnavyofanya gohon kumite au sanbon kumite darasani (mazoezi ya wawili ya hatua tano au tatu), mwenzako anasimama mbali, anatangaza anapiga jodan, yaani usoni, anaingia na hatua nzima, kisha ngumi yake anaiacha pale imenyooka ikusubiri. Unajua anapiga nini, unajua lini, na una hatua nzima ya kujiandaa. Hapo age-uke kubwa ya kutoka kiunoni inawahi vizuri kabisa. Jamaa wa kickboxing yeye kasimama nusu hatua kutoka kwako na ngumi yake ya mbele haihitaji hatua wala haitangazwi. Binadamu wa kawaida anahitaji kama sehemu ya tano ya sekunde mpaka mwili uanze tu kuitikia kitu alichokiona, sasa wewe ukishaona, mkono ndo uanze safari kutoka kiunoni upite kifuani upande juu, wapi na wapi. Hata awe nani hawahi. Kwa hiyo usimlaumu mkono wako, laumu mahali uliposimama.

Fanya hivi kwenye sparingi ijayo. Nyoosha mkono wa mbele, kama ngumi yako inagusa glovu yake ya mbele tu, hapo ndo mpakani. Kama unaweza kugusa bega lake bila kupiga hatua basi umeshaingia ndani, na ukiwa ndani kuna mambo matatu tu, unapiga, unamshika, au unatoka. Kusimama ndani unasubiri uone ngumi ndo uzuie ni kosa linalowapa watu damu puani kila siku. Kaa nje ya mpaka ili akitaka kukupiga alazimike kusogeza mguu, maana mguu na bega unaviona mapema kuliko ngumi. Macho weka kifuani karibu na mtulinga, usifuate glovu.

La pili, hikite. Ule mkono wa kiunoni kwenye kata haukuwekwa pale upumzike, unavuta kitu. Unavuta kifundo cha mkono wa mtu, unavuta nguo, unavuta kichwa. Kama hujashika kitu hauna kazi kiunoni, unarudi shavuni. Na ukiangalia age-uke kwa makini utaona mikono miwili inapishana mbele ya kifua kabla mmoja haujapanda. Wengi tunaupuuza ule mkono wa kwanza unaopita. Kumbe huo ndo unaopangua ngumi, mwendo mfupi wa kiganja tu, halafu mkono wa pili unaopanda unakuwa ni kigasha kinachoingia chini ya taya au shingoni kwa mtu aliye karibu. Ukiifanya hivyo inawahi, kwa sababu aliyepangua ni mkono ambao tayari uko mbele.

Kwa nini basi hatufundishwi hivyo tangu mwanzo? Karate ilipoingizwa mashuleni Okinawa mwaka 1901, mwalimu Anko Itosu ndiye aliyeisukuma, na ilibidi ifundishwe kwa watoto wengi kwa pamoja, kwa kuhesabu, mienendo mikubwa na salama. Gichin Funakoshi akaipeleka Tokyo mwaka 1922, ikakua vyuoni kwa mtindo huohuo wa mistari. Si jambo baya, mistari inajenga nyonga na miguu. Ila mtu akitoka kwenye mstari moja kwa moja mpaka kwenye sparingi huru ameruka madarasa ya katikati, na wewe ndivyo ulivyofanyiwa.

Goju yenyewe ina darasa la katikati zuri sana, kakie. Simama na mwenzako kwa msimamo wa sanchin dachi, migongo ya vifundo vya mikono imegusana. Mmoja anasukuma taratibu kuelekea kifua cha mwenzake, mwingine anapokea, anazungusha, anarudisha, mikono haiachani. Bega limelegea, kiwiko kiko chini karibu na mbavu. Baada ya dakika kadhaa mikono inaanza kutoa jasho na ngozi inashikana, hapo ndo unaanza kuhisi uzito wake unahamia mguu upi kabla hajasukuma. Kisha bila kuambiana mmoja anaachia ghafla na kupiga kwa kiganja. Ukisubiri kuona umeshaguswa. Ukihisi ule mgandamizo umepotea mkono wako unaingia wenyewe. Fanyeni kila mazoezi, hata robo saa.

Halafu mjenge kwa ngazi. Mwombe mmoja wa wale kickboxing apige ngumi ya mbele tu, usoni tu, wewe usizuie, miguu tu ndo itembee, glovu zako umezigandamiza mashavuni. Ukishaacha kuguswa guswa ndo uruhusiwe kupangua kwa kiganja. Kisha kupangua na kurudisha gyaku zuki (ngumi ya mkono wa nyuma) palepale, si baadaye. Kisha yeye aruhusiwe mbili, ya mbele na ya nyuma. Kisha aruhusiwe kudanganya. Ukikwama ngazi moja mrudi nyuma, hakuna anayewafukuza.

Na wewe NgumiMkononi, ndondi ni mchezo mkubwa na nauheshimu, ila kijana kasema anaipenda karate.

BondiaWaKisauni

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni bondia na nakubaliana na mzee hapo juu kuliko bondia mwenzangu, maana ile ya kupangua kwa kiganja ndiyo sisi tunaifanya kila siku, tofauti tu hatuiiti uke.

Ndugu nikuelezee vile inafanywa maana watu wengi huikosea. Ngumi ya mbele ya mwenzako, kama nyote mnasimama mguu wa kushoto mbele, inapanguliwa na mkono wako wa kulia. Usiifuate mbele kuidaka, ingoje ikaribie uso halafu kiganja kisogee ndani upana wa kiganja chenyewe, basi, kisha kirudi shavuni. Ukienda mbali zaidi ya hapo umefungua mlango wa hook ya kushoto, ngumi ya kuzunguka. Mtu mjanja atakurushia ngumi ya uongo aone kama mkono wako unatoka, na ukitoka anakuchapa palepale ulipotoka. Kwa ngumi ya nyuma usipangue, kinga na bega la mbele na uzungushe kiuno, au ujitoe nje ya mstari.

Kichwa pia kinafaa kisogee. Gym yetu tunafunga kamba kutoka ukuta huu mpaka ule, usawa wa bega, unatembea chini yake ukienda mbele, kichwa upande huu, kichwa upande ule, magoti ndiyo yanakunja si mgongo. Raundi ya dakika tatu na kamba hiyo mapaja yanawaka. Ukimaliza kwenda mbele rudi kinyumenyume, hiyo ndiyo ngumu zaidi na ndiyo utaihitaji.

Mambo ya macho. Kufumba ni kitu cha mwili, kila mtu huanza hivyo, na hutoki kwa kujilazimisha, unatoka kwa kuzoea vitu vidogo. Weka glovu zako zote mbili mbele ya paji la uso na mwenzako azigonge pole pole, tap tap tap, wewe unamtazama kifua katikati ya glovu na kutoa pumzi fupi puani kila anapogonga. Hakuna maumivu, kwa hivyo ubongo unakubali. Wiki zikienda aongeze kidogo. Ukifanya hivi wakati umechoka mwisho wa mazoezi ni bora zaidi, maana macho hurudi kufumba ukichoka. Mpira wa tenisi ukiufunga na uzi kwenye kofia ukawa unaugonga unarudi, pia inasaidia.

Kidevu chini, mdomo umeng'ata kinga ya meno. Taya lililo wazi ndilo linavunjika.

Na msidhani kujikinga ni kazi ya waoga. Philip Waruinge wetu Mexico 1968 alirudi na shaba, lakini ile tuzo ya Val Barker ya bondia mwenye ufundi bora wa mashindano yote ya Olimpiki walimpa yeye, si mmoja wa waliochukua dhahabu. Ufundi unaonekana.

Kitu cha mwisho na hiki nakisema kwa uzito. Helmeti haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu, inasaidia kwa kuchanika na kugongana vichwa. Chama cha ndondi za ridhaa duniani kiliiondoa kwa wanaume wakubwa mwaka 2013 na Rio 2016 wakapigana bila. Kwa hivyo usivae helmeti halafu ukubali kupigwa kwa nguvu ukidhani uko salama. Ukipigwa ukaona nyota, ukasikia kichefuchefu, ama ukasahau raundi ilianzaje, toka, na usirudi sparingi mpaka daktari akuone na dalili ziishe kabisa. Kata na begi zitakungoja.

KijanaWaTemeke

Wakuu asanteni sana, hata sijui nianzie wapi kushukuru. Hiyo ya kunyoosha mkono kupima umbali nimeijaribu leo na mdogo wangu nyumbani, kumbe nilikuwa nasimama ndani kabisa muda wote. Sensei MzeeWaKata shikamoo.

Sasa mateke je? Hasa yale ya paja. Jamaa mmoja ananichapa mawashi (teke la kuzunguka) ya paja la mbele mpaka nashindwa kupanda ngazi kesho yake, na nikiogopa la chini linakuja la juu. Nisimame vipi?

DadaMateke

Kaka hapo naomba niingie mimi, nilianza taekwondo nikahamia kickboxing, niko Arusha.

Kwanza elewa kila mchezo unafundisha mikono kwa sheria zake. Taekwondo ya Olimpiki ngumi ya kifuani ni pointi 1, teke la kifuani 2, la kichwani 3, na ngumi za usoni haziruhusiwi kabisa, ndio maana wengi wetu tunashusha mikono. Kyokushin, mtindo mwingine wa karate, wanapigana kwa nguvu kweli ila ngumi za usoni hakuna, wanasimama kifua kwa kifua. Karate ya WKF (shirikisho la karate duniani) ngumi ni pointi 1, teke la katikati 2, la kichwani 3, na mguso wa usoni unadhibitiwa, kwa hiyo wanakaa mbali na kurukia. Na kwenye karate yenu ya pointi hakuna anayekupiga paja, kwa hiyo mguu wako wa mbele umezoea kukaa mbele umebeba uzito bila kuogopa kitu. Siku umekutana na mtu anayechapa paja ule mguu ni wake. Mimi nilipohamia kickboxing mikono yangu ilikuwa vilevile kiunoni na ilinichukua muda kuipandisha.

Teke la paja usilizuie kwa mkono, kamwe. Mkono ukishuka umempa kichwa, wewe mwenyewe umeshaona. Linazuiwa kwa mguu. Hamisha uzito nyuma, inua goti la mbele, geuza muundi utazame nje kidogo, vidole vya mguu vimevutwa juu ili misuli ya mbele ikaze, mikono ibaki juu palepale. Unataka teke lake likutane na sehemu ya juu ya muundi chini ya goti, mfupa mgumu, hapo anayeumia ni yeye. Halafu mguu ukitua tu unarudisha, usisubiri. Kama umechelewa kuinua basi ingia mbele nusu hatua, teke la kuzunguka nguvu yake iko mwishoni mwa mguu, ukiwa karibu unapokea paja lake tu halisumbui, na hapo ndo gyaku zuki yako ya karate inapata kazi.

Kutofautisha la chini na la juu, angalia nyonga na mguu aliosimamia. Kisigino cha mguu wa kusimamia kikigeuka sana kuja kwako na nyonga ikafunguka, linapanda. La paja huwa mwili unaangukia kwako kidogo. Hutaona mara zote. Ndio maana goti linapopanda kiwiko cha upande huohuo kinashuka kukutana nalo, goti na kiwiko vinaziba mbavu na mapaja, glovu inabaki kwenye sikio, halafu lije popote. La kichwani pokea kwa mikono miwili, vigasha vyote viwili, mmoja peke yake unasukumwa mpaka unajipiga kwa glovu yako.

Mkono kuvimba ni kwa sababu unapiga teke kwa mfupa wa kigasha ukitaka kulisimamisha. Usishindane na mguu, mguu ni mzito. Pokea ukiwa unasogea upande teke linakokwenda ili nguvu iishe.

Vaeni shingadi (kinga za muundi) mkifanya mazoezi ya haya, wote wawili. Anza na teke la kugusa tu, sana sana wiki za mwanzo, mpaka goti lijue kupanda lenyewe.

Na zungumzeni kabla ya sparingi kuhusu nguvu. Hiyo "spidi ya kati" kila mtu ana ya kwake. Sisi wanawake tunalijua hili vizuri maana ukipangiwa mwanaume aliyekuzidi kilo nyingi akikasirika kuguswa usoni ile ya kati inageuka. Kupunguza nguvu ni ufundi nao unafunzwa. Fainali ya karate kilo zaidi ya 75 Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza, akampiga Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la kichwani akalala palepale, na dhahabu akapewa Ganjzadeh aliyekuwa kabebwa kwa machela, kwa sababu nguvu ilizidi sheria. Watu walibishana sana. Mimi naona sheria ilikuwa sahihi, kama mchezo unasema dhibiti basi dhibiti, vinginevyo nani atakuja kufanya mazoezi na wewe kesho?

NgumiMkononi

Dada hapo kwenye fainali sikubaliani, sheria iliyompa dhahabu mtu aliyezirai inahitaji kuangaliwa. Ila kwenye mateke umeeleza vizuri mno, nimejifunza. Na mzee ile ya mikono miwili kwenye age-uke nimeijaribu mbele ya kioo, inaingia akilini, siwezi kubisha.

MzeeWaKata

Marahaba mdogo wangu. Dada kasema yote kuhusu paja, niongeze moja tu la goju. Tuna neko ashi dachi, uzito karibu wote uko nyuma na mguu wa mbele mwepesi umegusa chini kwa vidole tu. Watu wanaiona ni ya urembo. Jaribu kuinua goti kuzuia teke kutoka zenkutsu, ule msimamo mrefu wa uzito mbele, kisha jaribu kutoka neko ashi, mwenyewe utaona upi unapanda haraka. Huhitaji kukaa ndani yake muda wote, chukua ule uzito wa nyuma tu pale unapohisi teke linakuja. Na ukiwa umesimama hivyo mae geri (teke la moja kwa moja) ya mguu wa mbele iko tayari, mpige tumboni kabla hajamaliza kuzunguka, wapiga mawashi wengi wanaichukia sana hiyo.

Hakikisha huingii sparingi kila siku. Mara moja kwa wiki kwa kiwango chako inatosha, siku nyingine zote ni ngazi zile za mazoezi na kakie, hapo ndo unakojifunza, kwenye sparingi unapima tu kama umejifunza.

Na hiyo pua, ikitoka damu usirudishe kichwa nyuma kama tunavyoonyeshwa, damu inaingia kooni. Kaa, inama mbele, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia achia kuchungulia, pumua kwa mdomo. Kama inatoka hata ukiguswa kidogo tu, au imepinda, nenda hospitali kwanza, sparingi baadaye.

KijanaWaTemeke

Haijapinda sensei, imevimba tu. Kesho jioni nitamwomba yule jamaa wa ngumi ya mbele tuanze na ile ya miguu peke yake, na shingadi nitaazima kwa jirani anayecheza mpira mpaka nipate zangu.

DadaMateke

Za mpira zinafunika mbele tu na ni plastiki ngumu, zitamuumiza mwenzako. Tafuta za sponji zinazofika mpaka juu ya unyayo, hata mitumba zipo.